Relei Ikikata Umeshachelewa: Namna ya Kuifuatilia na Kuilinda Transfoma ya Mafuta

Relei, yaani kifaa kinachohisi hitilafu na kuamuru umeme ukatwe, ikikata kwa hitilafu ya ndani, tayari kuna kitu kimeungua. Hilo ndilo neno la kwanza ninalowapa vijana wanaokuja kufanya kazi nami, kwa sababu wengi hufika wakiamini kwamba kinga ya transfoma ni lile kabati lenye taa nyekundu na kijani. Kabati lina kazi yake, nami nitalifikia. Lakini relei nyingi huamka baada ya hitilafu kuzaliwa. Zinapunguza madhara, zinazuia tangi lisipasuke, zinaokoa kituo kisiteketee. Karatasi iliyoungua ndani ya koili hazirudishi. Kinachoirefushia transfoma maisha ni mtu anayeitazama, anayeandika alichokiona, na anayechukua hatua namba zinapoanza kusogea.

Nitasema zaidi kuhusu transfoma kubwa za mafuta, zile za vituo vya kupozea umeme, kwa kuwa ndizo nilizoishi nazo. Ndogo za nguzoni nitazigusa pale mambo yanapokuwa tofauti.

Anza na karatasi

Ndani ya tangi kuna kiini cha mabati ya chuma, koili za shaba, na karatasi iliyozungushiwa shaba tabaka kwa tabaka. Vyote vimezama kwenye mafuta. Mafuta yakichafuka yanachujwa au yanabadilishwa. Gasketi, feni, geji, bushi, hata kibadili tepu (swichi inayobadilisha idadi ya mizunguko ya koili ili kurekebisha volteji), vina vipuri. Karatasi haina kipuri. Ikichakaa, koili nzima inasukwa upya, na kwa transfoma kubwa kazi hiyo mara nyingi inakaribia kununua nyingine. Kwa hiyo anayeuliza transfoma imebakiza miaka mingapi, anauliza hali ya karatasi.

Karatasi mpya ina minyororo mirefu ya selulosi yenye viungo kama 1,000 au zaidi. Miaka inavyokwenda, minyororo hukatika. Ikifika viungo 200 hivi, karatasi bado inazuia umeme lakini haina tena nguvu ya kuhimili mtikisiko. Shoti kubwa ikitokea nje kwenye laini, nguvu ya sumaku hutikisa koili, karatasi iliyochakaa hupasuka, na transfoma inakufa kwa hitilafu iliyotokea kilomita kadhaa kutoka kituoni. Watu husema laini ndiyo iliyoiua. Mimi husema iliuawa na miaka ya joto ambayo hakuna aliyeiandika.

Wanaoikata minyororo hiyo ni joto, maji na oksijeni, na hufanya kazi kwa kushirikiana. Kwa upande wa joto kuna kanuni ambayo kila mwendeshaji anapaswa kuwa nayo kichwani, nayo imo katika kiwango cha kimataifa cha IEC 60076-7. Kwa karatasi ya kawaida, uchakavu wa kawaida huhesabiwa pale sehemu yenye joto kali kuliko zote ndani ya koili ikiwa nyuzi 98 za Selsiasi, na kila zinapoongezeka nyuzi 6, kasi ya uchakavu huwa maradufu. Nyuzi 104, mara mbili. Nyuzi 110, mara nne. Nyuzi 116, mara nane. Yaani saa 3 za mzigo wa jioni katika joto hilo zinakula umri wa siku nzima. Karatasi iliyotibiwa ili ihimili joto huhesabiwa kuanzia nyuzi 110, kwa hiyo soma nyaraka za mtengenezaji kabla ya kupiga hesabu. Kumbuka pia kwamba upotevu kwenye shaba hupanda kwa mraba wa mkondo: ukiibebesha asilimia 120 ya uwezo wake, joto linalozalishwa kwenye shaba ni asilimia 144.

Geji mbili, zisomwe pamoja

Transfoma kubwa ina geji ya joto la mafuta na geji ya joto la koili. Ile ya koili haigusi koili hata kidogo. Kitambuzi chake kimechomekwa kwenye mfuko ulioko juu ya tangi, ndani ya mafuta, kisha kinapashwa kidogo na mkondo mdogo unaotoka kwenye CT (transfoma ndogo ya kupimia mkondo) ili kiige joto la koili. Ni makadirio mazuri, lakini ni makadirio. Hapo ndipo penye jaribio rahisi ambalo wengi hawalifanyi: mzigo ukiwa mkubwa, geji ya koili lazima isome juu ya geji ya mafuta kwa nyuzi kadhaa, mara nyingi 10 hadi 20 au zaidi. Zikiwa sawasawa wakati mzigo umepanda, huna geji ya koili. Una geji mbili za mafuta. Njia ya CT imekatika mahali, au kipashio kimekufa. Ita mtu wa kinga, na kamwe usifungue waya za CT wakati transfoma ina mzigo, kwa sababu CT iliyoachwa wazi huzalisha volteji inayoua.

Mishale myekundu ya geji hizo, ile inayosukumwa na kubaki mahali joto lilipofikia kilele, ina thamani kuliko usomaji wa saa uliyofika. Wewe unafika saa nne asubuhi. Joto lilikuwa kali saa mbili usiku. Andika kilele, kisha urudishe mshale ili wiki ijayo ukuambie jambo jipya. Nimekuta vituo ambako mishale haijarudishwa tangu transfoma ifungwe, na hapo kilele chote cha miaka ni namba moja isiyo na tarehe.

Mipangilio inayotumika sana ni feni kuwaka koili ikifika nyuzi 65 hadi 75, kengele ya mafuta kwenye 85 hadi 90, na kukata kwenye 95 hadi 100. Kwa koili, kengele karibu na 100 au 105 na kukata kati ya 110 na 120. Ya mtengenezaji ndiyo ya kufuata. Zaidi ya mipangilio, washa feni kwa mkono kila mwezi. Feni ambayo haijawahi kuombwa kufanya kazi msimu mzima wa baridi ndiyo itakayogoma siku ya joto.

Joto likikutia shaka, usiulize tu "ni nyingi au ni kidogo?" Fungua daftari, tafuta siku yenye mzigo kama wa leo na hali ya hewa kama ya leo, ulinganishe. Mafuta yakiwa juu kwa nyuzi 8 kuliko siku ile, hata kama hayajafika kwenye kengele, kuna jambo. Mara nyingi utakuta rejeta zimejaa vumbi na majani, au valvu ya rejeta moja ilifungwa wakati wa matengenezo na haikufunguliwa. Kamera ya joto itaonyesha mara moja: rejeta zote zina joto juu na zinapoa kuelekea chini, moja imebaki baridi mwili mzima. Angalia pia kiwango cha mafuta. Kikishuka chini ya mdomo wa juu wa rejeta, mzunguko unasimama kabisa.

Maji huingia kwa njia ya pumzi

Mafuta yakipata joto hupanuka, yakipoa hunywea, na transfoma yenye tangi la akiba juu huvuta na kutoa hewa kila siku. Hewa hiyo hupita kwenye chombo chenye punje za silika jeli na kikombe kidogo cha mafuta chini yake. Silika ya bluu hugeuka waridi ikishiba unyevu. Ile ya rangi ya chungwa hugeuka kijani au hupauka. Hayo kila mtu anayajua. Yasiyosemwa sana ni kwamba namna rangi inavyobadilika ni taarifa yenyewe.

Hewa huingia kutoka chini, kwa hiyo punje za chini ndizo zinapaswa kugeuka kwanza. Ukiona za juu zimegeuka wakati za chini bado bluu, hewa inaingia kutokea juu, kwenye gasketi au bomba lililopasuka, bila kupita kwenye kikombe. Zikigeuka zote kwa siku chache baada ya kubadilishwa, tazama kama kikombe kina mafuta hadi kwenye alama. Na zikibaki bluu miezi mingi katika msimu wa unyevu, usifurahi. Ama chombo kimeziba, ama transfoma imepata mahali pengine pa kuvutia hewa. Pulizo la mapovu kwenye kikombe mzigo unapobadilika ndilo linalothibitisha kwamba transfoma inapumua pale panapostahili.

Badilisha punje kabla hazijageuka zote. Theluthi mbili ni kiwango ninachokifuata. Zile za bluu zina kobalti, ambayo ni sumu, basi vaa glavu na kifuniko cha pua na usizimwage ovyo.

Uvujaji wa mafuta nao usiuzoee. Futa sehemu hiyo, chora mstari wa chaki, andika tarehe, urudi. Hata tone dogo linakuonyesha gasketi iliyochoka, na gasketi iliyochoka huweza kuingiza maji msimu wa mvua ukifika.

Kuchukua sampuli ya mafuta

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu maabara bora kabisa haiwezi kurekebisha sampuli mbaya. Usichukue sampuli mvua ikinyesha au hewa ikiwa nzito ya unyevu. Hakikisha kwanza geji ya kiwango inaonyesha mafuta ya kutosha kwenye tangi la akiba, maana ukifungua valvu ya tangi ambalo ndani yake kuna mvuto, badala ya kutoa mafuta utaingiza hewa, na povu la hewa likipanda katikati ya koili zenye umeme ni hatari kubwa.

Safisha mdomo wa valvu kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Toa mafuta ya kwanza kwenye ndoo, kwani hayo yalikuwa yamekaa kwenye bomba na hayasemi chochote kuhusu yaliyomo tanganini. Suuza chupa kwa mafuta yenyewe. Kwa kipimo cha gesi tumia bomba la sindano la kioo lenye valvu ya njia tatu, lijaze polepole, ligeuze utoe kila povu, kisha ulifunge na kulihifadhi kwenye kasha lisilopitisha mwanga. Andika kwenye lebo namba ya transfoma, valvu uliyotumia, tarehe, mzigo, na joto la mafuta wakati huo.

Joto hilo la mafuta ndilo watu hulisahau, na bila hilo namba ya unyevu karibu haina maana. Sehemu kubwa kabisa ya maji ya transfoma imo ndani ya karatasi. Transfoma ikipata joto, maji hutoka kwenye karatasi na kuingia kwenye mafuta, ikipoa, yanarudi. Transfoma ileile inaweza kutoa namba ndogo asubuhi ya baridi na namba kubwa jioni ya mzigo, na karatasi haijabadilika hata chembe. Mtu anayesoma namba bila joto anaweza kuchuja mafuta mazuri au kuiacha transfoma iliyolowa.

Kipimo cha nguvu ya mafuta kuhimili umeme hufanywa kwa vichwa viwili vya chuma vilivyoachana milimita 2.5, volteji ikipandishwa hadi cheche iruke. Mafuta mapya yaliyosafishwa yanapaswa kufika kilovoti 70. Yaliyo kazini kwenye vifaa vya hadi kilovoti 72.5 yasishuke chini ya 30; kwa misongo mikubwa zaidi, kiwango hupanda hadi 40 na 50. Pima pia asidi, kwa sababu asidi hula karatasi na mwisho huzaa tope linaloziba njia za mafuta kati ya koili.

Gesi husema kabla ya geji

Kama ningeruhusiwa kipimo kimoja tu kwa mwaka, ningechagua gesi zilizoyeyuka kwenye mafuta. Kila aina ya hitilafu huvunja mafuta kwa namna yake. Haidrojeni ikipanda peke yake, huenda kuna mimiminiko midogo ya umeme, cheche zisizokamilika kwenye mapovu au karatasi iliyolowa. Methani na ethani huzaliwa kwenye joto la wastani. Ethilini huonyesha joto kali, mamia ya nyuzi. Asetilini, gesi ileile ya kuchomelea vyuma, huhitaji joto la mwako wa umeme. Kaboni monoksidi na kaboni daioksidi hutoka hasa kwenye karatasi.

Michel Duval, wa Hydro-Québec nchini Kanada, alitengeneza pembetatu inayotumia asilimia za methani, ethilini na asetilini kuonyesha aina ya hitilafu, na mpaka leo ni chombo rahisi na imara. Ila pembetatu hujibu hata pale ambapo hakuna tatizo, kwa sababu asilimia tatu hizo daima hujumlisha 100. Itumie pale tu kiasi cha gesi kinapokuwa kimepanda kweli. Na kinachopaswa kukutisha ni kasi kuliko wingi. Transfoma kuukuu yenye ethilini nyingi isiyosogea kwa miaka hainisumbui kama ile yenye asetilini kidogo ambayo mwezi uliopita haikuwepo.

Nakumbuka transfoma moja ambayo ethilini na methani zilikuwa zikipanda kila sampuli, asetilini ikiwa chembe tu, na gesi za kaboni zimetulia. Mpangilio huo unasema chuma kinapata joto kali mahali pasipo na karatasi. Mzigo ulipopunguzwa, kasi ya gesi nayo ilipungua, dalili kwamba mkondo ndio unaoleta joto. Transfoma ilipozimwa kwa mpango na kufunguliwa, kiungo kimoja cha kibadili tepu kilikuwa kimelegea na kuwa cheusi. Kilisafishwa, kikakazwa, transfoma ikarudi kazini. Hakuna relei iliyokuwa imelia. Lakini angalia pia kinyume chake: kibadili tepu chenye chumba chake cha mafuta hutoa asetilini katika kazi yake ya kawaida, na kizuizi kati ya chumba hicho na tangi kuu kikivuja, utaona asetilini kwenye tangi ambalo halina ubaya wowote. Linganisha mafuta ya vyumba vyote viwili kabla ya kutangaza msiba.

Bushi

Bushi ni nguzo za kaure zinazopitisha umeme kupitia ukuta wa tangi, na zikipasuka ndizo huleta moto mbaya zaidi. Usiku wa tarehe 20 Machi 2025 transfoma ya kituo cha North Hyde, magharibi mwa London, iliwaka, na kesho yake uwanja wa ndege wa Heathrow ukafungwa. Ripoti rasmi ya uchunguzi, iliyotolewa Julai mwaka huohuo, ilieleza kwamba chanzo kinachoelekea zaidi ni unyevu ulioingia kwenye bushi moja ya msongo mkubwa. Sampuli ya mafuta ya mwaka 2018 ilikuwa tayari imeonyesha unyevu uliopanda kwenye bushi hiyo. Namba ilikuwepo kwenye kumbukumbu kwa karibu miaka saba. Hatua zilizopaswa kuifuata hazikuchukuliwa. Kila ninapowafundisha vijana kuchukua vipimo, huwaonyesha na kisa hiki, ili kila namba mbaya iandikwe pamoja na jina la cheo kinachopaswa kuishughulikia na tarehe ya mwisho.

Tazama kiwango cha mafuta cha kila bushi kwa darubini. Pitisha kamera ya joto kwenye viungo na ulinganishe fezi tatu chini ya mzigo mmoja. Fezi moja ikiwa na joto kuliko wenzake, kiungo kimelegea. Transfoma ikizimwa, pima kapasitansi (uwezo wa kuhifadhi chaji) na upotevu wa bushi kwenye sehemu yake ndogo ya kupimia, ulinganishe na kibao cha kiwandani. Halafu rudisha kofia ya sehemu hiyo na uhakikishe imegusa ardhi. Kofia iliyosahaulika huacha tabaka la nje la bushi likielea bila ardhi, na umeme ukirudi bushi inaungua. Mimi huhesabu kofia mkononi kabla ya kushuka ngazi.

Sasa relei

Relei ya Buchholz, iliyobuniwa na Mjerumani Max Buchholz mwaka 1921, imekaa kwenye bomba kati ya tangi kuu na tangi la akiba. Ina maboya mawili. Gesi ikikusanyika polepole, boya la juu hushuka na kuliza kengele. Shoti ikilipuka ndani, mafuta husukumwa kwa kasi kuelekea juu na boya la chini hukata. Hiki ni kifaa cha ajabu kwa usahili wake, kwani huona hitilafu ndogo ndani ya tangi ambazo relei za umeme haziwezi kuzihisi. Transfoma ikitoka kuchujwa mafuta, hewa iliyobaki inaweza kuliza kengele. Ndiyo maana gesi lazima ichunguzwe badala ya kuachiliwa tu hewani. Isiyo na rangi na isiyowaka kwa kawaida ni hewa. Nyeupe huelekeza kwenye karatasi, ya njano kwenye mbao, ya kijivu au nyeusi kwenye mafuta yaliyoungua. Ichukue kwenye chombo upeleke maabara. Usijaribu kiberiti juu ya transfoma.

Relei ya difarensho hulinganisha mkondo unaoingia na unaotoka, baada ya kurekebisha uwiano wa volteji. Vikitofautiana, hitilafu iko kati ya CT za pande mbili. Wazo ni jepesi, utekelezaji una mitego mitatu. Kwanza, transfoma ya kundi la Dyn11 (namna mojawapo ya kuunganisha koili za pande mbili) huzungusha pembe ya mkondo kwa nyuzi 30, na relei lazima iambiwe hivyo. Pili, tepu zinazosogea kwa asilimia 10 juu na chini huleta tofauti ya kweli isiyo hitilafu, kwa hiyo relei huwekewa mteremko unaoiruhusu kuvumilia zaidi mkondo unapokuwa mkubwa. Tatu, transfoma inapowashwa huvuta mkondo wa mshtuko ambao unaweza kuzidi mkondo wake wa kawaida mara nyingi, na upande mmoja tu. Mkondo huo umejaa mawimbi ya maradufu ya masafa, na relei hujizuia yakizidi kiwango kilichowekwa, mara nyingi asilimia 15 hadi 20.

Relei ya difarensho isikabidhiwe kwa sababu tu imefaulu majaribio ya sanduku la kupimia relei. Baada ya kuwasha, weka mzigo halisi, soma mkondo wa tofauti kwenye skrini, na usitie saini mpaka uuone karibu na sifuri katika fezi zote tatu. CT moja iliyogeuzwa huonekana hapo.

Relei za mkondo uliozidi ni za akiba, na lazima zipangwe zisubiri za laini zikate kwanza, ila zisisubiri hadi koili ziumie. Ile ya hitilafu ya ardhi iliyofungiwa eneo la koili huona hitilafu karibu na nyutro ambazo difarensho huzikosa, basi usiiruke kwenye transfoma kubwa.

Kinga radi ikae karibu na bushi kadiri inavyowezekana, waya zake ziwe fupi na zimenyooka. Mkondo wa radi unaopanda kwa kiloampea 10 ndani ya maikrosekunde moja huongeza takriban kilovoti 10 kwa kila mita ya waya, na hizo zinajumlishwa kwenye volteji inayoifikia transfoma. Waya uliozungushwa ili upendeze unaiba kinga uliyoinunua.

Transfoma ndogo

Ya kVA 100, kilovoti 11 kwa volti 400, ina mkondo kamili wa ampea 144 kwa fezi upande wa chini na ampea 5.2 tu upande wa juu. Fyuzi ya juu huchaguliwa kubwa kuliko hapo ili isikatike kwa mshtuko wa kuwasha, kwa hiyo haikingi transfoma dhidi ya mzigo uliozidi. Kazi hiyo ni ya breka au fyuzi za chini. Mtu anayefunga waya wa shaba mahali pa fyuzi ameiondolea transfoma kinga yote, na amewaweka hatarini watu wanaoishi chini yake. Pima mikondo ya fezi tatu na nyutro saa ya kilele, si mchana. Ukikuta fezi moja ina ampea 170 na nyingine 60, gawanya upya wateja kabla ya kuomba transfoma kubwa zaidi.

Ikishakata

Usirudishe. Andika kwanza relei zipi zimefanya kazi, kwa mpangilio na kwa saa, kabla mtu hajabonyeza kitufe cha kufuta. Kama ni relei ya akiba ya mkondo pekee, na laini fulani ilikuwa na shoti, tenga laini hiyo na ukague transfoma kwa nje. Kama ni difarensho au Buchholz, na zaidi kama ni zote mbili, chukulia kwamba kuna uharibifu ndani mpaka vipimo vikuambie vinginevyo. Pata kibali cha kazi, tenga pande zote, hakikisha hakuna umeme, weka ethi, ndipo upande.

Chukua gesi ya Buchholz na sampuli ya mafuta. Pima ukinzani wa vihami kwa dakika 1 na dakika 10, uwiano wa mizunguko kwenye tepu zote, na ukinzani wa kila koili. Uwiano usiachane na wa kibao kwa zaidi ya asilimia 0.5. Ikiwa shoti ilikuwa nzito, fanya pia kipimo cha mwitikio wa masafa na ukilinganishe na kile cha siku transfoma ilipofungwa, maana hicho ndicho huonyesha koili iliyosogea bila kukatika. Kama hakipo cha kulinganisha, fezi moja ilinganishwe na nyingine.

Vipimo vyote vikiwa safi na sababu ikijulikana, iwashe bila mzigo, usimame mbali, usikilize. Mvumo uwe ule ule wa siku zote. Iache hivyo kwa saa kadhaa, kisha ongeza mzigo kidogo kidogo. Chukua sampuli ya gesi baada ya saa 24, nyingine baada ya wiki, nyingine baada ya mwezi, uziandike zote kwenye ukurasa uleule wa daftari penye siku iliyokata.